Mwana wa Ziwa Nyasa na Milango ya Shule

Oscar Kambona alizaliwa katika miaka ya 1920 kijijini Kwambe, karibu na Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuja kuwa ya Wilaya ya Mbinga. Baba yake alikuwa padre wa Kianglikana. Kijana huyu alisoma Liuli, kisha Dodoma na Tabora. Akawa mwalimu, halafu Katibu Mkuu wa TANU, na baadaye akaenda London kusomea sheria.

Siku zile Tanganyika ilikuwa na shule za namna tatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mtoto hakupimwa kwanza akili wala bidii, bali rangi. Kila jamii ilikuwa na fungu lake la fedha, na kwa hesabu ya kila mtoto fungu la Mwafrika ndilo lililokuwa dogo kabisa. Mtoto wa mvuvi wa Liuli hakuweza kuketi dawati moja na mtoto wa Mzungu huko Arusha.

Mwaka 1960 Kambona akawa Waziri wa Elimu, wala hakungoja bendera ya Uhuru ipandishwe ndipo aanze kazi. Sheria ya Elimu ya 1961, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1962, iliziunganisha shule zote katika utaratibu mmoja. Tangu siku hiyo rangi haikuwa tena sababu ya kumkatalia mtoto nafasi.

Hata hivyo, sheria ilifungua mlango, haikulipa ada. Shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kudai fedha nyingi na ujuzi wa Kiingereza. Maskini walioingia mwanzoni walikuwa wachache.

Mwaka 1967 Kambona alijiuzulu, akaenda kuishi uhamishoni London. Mwaka 1970 alitajwa katika kesi ya uhaini, naye yuko ng'ambo. Alirudi nchini mwaka 1992, akafariki mwaka 1997. Wako wanaomkumbuka kwa ugomvi huo tu. Sisi twaona si haki: siasa zake na zihukumiwe kwa mizani yake, lakini kazi njema isizikwe pamoja na ugomvi.

Nanyi wazazi, yatupasa sote kujiuliza: leo watoto wetu wanapotengwa kwa ada, mmoja shule ya gharama, mwenziwe darasa la watoto mia, je, tumeiendeleza kazi ile, au tumebadili kufuli tu?