Carsten Niebuhr, Msafiri Aliyerudi Peke Yake

Tumezoea kusikia habari za Babeli na Ninawi na za wafalme wa Uajemi waliotajwa katika Maandiko. Walakini ni wachache wajuao jinsi maneno ya wafalme hao, yaliyochongwa katika mawe, yalivyopata kusomwa tena baada ya kukaa kimya karne nyingi. Katika kazi hiyo mtu mmoja alikuwa na sehemu kubwa, naye hakuwa mtu wa ukoo mkuu, bali mtoto wa mkulima. Jina lake ni Carsten Niebuhr.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1733 katika kijiji cha Lüdingworth, kaskazini ya Ujerumani, karibu na mahali ambapo mto Elbe waingia baharini. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto mchanga, na baba yake naye akafa kabla kijana hajawa mtu mzima. Akawa mkulima kama wazee wake. Hata siku moja palitokea shauri katika wilaya yao juu ya ukubwa wa shamba, wala hapakuwa na mwenyeji hata mmoja awezaye kulipima. Niebuhr aliona haya kwa ajili ya nchi yake, akaazimu kujifunza kazi ya upimaji. Alikuwa amekwisha pita miaka 20, lakini hakuona aibu kuanza upya. Akaenda Hamburg, na mwaka wa 1757 akaingia chuo kikuu cha Göttingen.

Wakati ule alikuwako Göttingen profesa mmoja, Johann David Michaelis, mjuzi wa lugha za Biblia. Yeye alimshauri Frederick wa Tano, mfalme wa Denmark, apeleke watu Arabuni wakachunguze miti, wanyama, lugha na desturi, ili mambo mengi ya Maandiko yafahamike vizuri zaidi. Mfalme akakubali. Wakachaguliwa von Haven, mtaalamu wa lugha; Forsskål, mjuzi wa mimea; Kramer, mganga; Baurenfeind, mchoraji; na Berggren, mtumishi wao. Niebuhr akachukuliwa awe mpimaji, naye akakabidhiwa fedha ya safari. Tarehe 4 Januari 1761 wakaondoka Copenhagen kwa merikebu ya vita.

Tangu mwanzo hapakuwa na amani kati yao, maana hawakuwekewa mkuu, na kila mmoja alijiona sawa na mwenzake. Niebuhr alitunza kazi yake. Alipofika Misri aliweka chombo chake cha kupimia na kukielekeza kwenye mji wa Iskanderia. Mfanya biashara mmoja akachungulia, akaona mnara umesimama kichwa chini. Habari ikaenea kwamba mgeni huyu amekuja kuupindua mji mzima! Niebuhr akajifunza kwamba haitoshi mtu kuwa na nia njema; hana budi kufahamu jinsi wenyeji wanavyomtazama. Kisha alikaa Kairo karibu mwaka mzima, akachora ramani ya mji na kupima piramidi.

Mwaka wa 1762 walivuka Bahari ya Shamu, na mwisho wa Desemba wakafika Luhayya katika Yemeni. Walikuwa wameonywa kwamba Waarabu ni wakali, lakini walipokewa kama ndugu. Liwali wa mji, Emir Farhan, alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Afrika. Aliletwa Arabuni angali kijana, akauzwa kwa bwana mmoja mkubwa. Bwana yule akamfundisha vema, naye kwa akili na uaminifu wake akapanda hata kupewa mji autawale. Emir huyo aliwapa nyumba na ulinzi, akapenda kuona vyombo vyao. Forsskål akamwonyesha chawa katika kioo cha kukuzia vitu vidogo. Mtumishi wa liwali alipomwona mdudu yule mkubwa, akasema kwamba chawa wa Arabuni hawawi hivyo. Huyu lazima ni wa Ulaya.

Huko Yemeni Niebuhr aliacha mavazi ya kwao. Akavaa kilemba, shati na suruali ya kitani, akakodi punda, akapita kijiji kwa kijiji akiuliza majina ya mahali na kuandika kila alilosikia. Hivyo akapata kufanya ramani ya nchi ile iliyoshinda zote zilizotangulia.

Lakini mauti yalikuwa yakiwafuata. Siku zile hapakuwa na mtu aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Von Haven akafa Mokha mwezi wa Mei 1763. Forsskål, aliyekuwa mwenye bidii kuliko wote, akafa katika mji wa Yarim mwezi wa Julai. Waliobaki wakafika Sanaa, Imamu akawapokea kwa heshima, lakini wakarudi pwani wakiwa wagonjwa, wakapanda merikebu kwenda Bombay. Mwisho wa Agosti, baharini, Baurenfeind akafa, na siku ya pili Berggren. Kramer alifika Bombay, akafa huko Februari 1764. Kati ya watu sita akabaki mmoja.

Niebuhr naye alikuwa mgonjwa. Angaliweza kurudi Ulaya kwa merikebu, wala hapana mtu ambaye angalimlaumu. Alifikiri kwamba wenzake walidhurika kwa kushika mno desturi za kwao katika nchi za joto, basi yeye akazidi kula na kuvaa kama wenyeji. Alipopata nguvu, akashika njia ya nchi kavu peke yake. Januari 1765 alifika Maskati, akaendelea mpaka Uajemi, na mwezi wa Machi akasimama mbele ya magofu ya Persepolis, mji wa wafalme wa kale.

Yapata majuma matatu alikaa huko akinakili maandishi ya mawe, ambayo alama zake zafanana na kabari ndogo. Hakuweza kusoma hata neno moja. Walakini alinakili kila alama kwa uangalifu, akatambua kwamba ziko namna tatu za maandishi, na kwamba namna iliyo nyepesi ina alama 42. Jua kali lililomulika juu ya mawe yale liliyaumiza macho yake.

Kisha akapita Bagdadi, akaona vilima vya Babeli. Alipokaribia Mosul alipita juu ya Ninawi bila kujua, mpaka wenyeji walipomwonyesha kilima chenye msikiti wa nabii Yona. Akafika Halabi na Yerusalemu, na tarehe 20 Novemba 1767 akaingia Copenhagen.

Mfalme aliyemtuma alikuwa amekwisha kufa, na watu wengi hawakuijali tena safari ile. Niebuhr hakukata tamaa. Mwaka wa 1772 alitoa kitabu chake juu ya Arabuni, na mwaka wa 1775 akachapisha maandishi ya Forsskål, ili kazi ya rafiki yake isizikwe pamoja naye. Mwaka wa 1802 mwalimu mmoja wa Göttingen, Georg Friedrich Grotefend, akizitumia nakala za Niebuhr, akatambua majina ya Dario na Xerxes. Hivyo mawe yakaanza kusema.

Tangu 1778 Niebuhr alikaa Meldorf, mji mdogo, akiwa karani wa serikali. Alipotaka kupewa cheo cha ukabaila alikataa. Uzeeni akapofuka, lakini mwanawe, Barthold, amesimulia kwamba mzee alipolala katika giza lake aliona tena nyota za mbingu za mashariki. Alikufa tarehe 26 Aprili 1815, mwenye miaka 82.

Basi tuangalie mtu huyu. Alinakili asichoweza kukisoma, ili wengine wakisome baada yake. Na aliyoachiwa na wafu hakuyatupa njiani, bali aliyabeba mpaka nyumbani.