Joseph Fraunhofer na Mistari ya Jua

Muhula uliopita mwalimu wetu wa fizikia alifunga madirisha ya maabara, akaacha ufa mdogo tu wa nuru, akaweka mche wa kioo mbele yake. Rangi zikatokea ukutani, nasi tukapiga makofi. Kisha akatuambia kwamba rangi zile zina mapengo, na kwamba aliyeyahesabu alikuwa yatima wa fundi vioo. Tangu siku ile nimetafuta habari zake, na leo napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu.

Joseph Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi, 1787, katika mji wa Straubing, Bavaria, kusini ya Ujerumani, mtoto wa kumi na moja wa baba yake. Alipofika umri wa miaka 11 hakuwa na baba wala mama. Akapelekwa Munich kwa fundi wa vioo ajifunze kazi. Tajiri wake hakupenda vitabu, akamkataza kusoma. Sisi tunaonung'unika taa za bweni zikizimwa, heri tumkumbuke.

Mwezi wa Julai, 1801, nyumba ya tajiri ilianguka na kumfukia. Watu walichimba kwa saa kadhaa, na mtawala wa Bavaria mwenyewe, Maximilian Joseph, alikuja kutazama. Kijana alipotolewa hai akapewa sarafu 18 za dhahabu. Mwenzangu mmoja wa bweni asema hiyo ni bahati tu. Mimi sikubali. Vijana wangapi wangezila fedha zile? Yeye alinunua mashine ya kukatia vioo, akajikomboa katika muda uliobaki wa uanagenzi wake.

Mwaka 1806 aliingia kiwanda cha Bwana Utzschneider, na baadaye akawa akiyeyusha vioo vya darubini huko Benediktbeuern, katika majengo yaliyokuwa ya watawa. Ili anoe kioo sawasawa alihitaji alama katika rangi za nuru. Mwaka 1814 alipitisha nuru ya jua katika ufa mwembamba na mche wa kioo, akaitazama kwa darubini ndogo. Akaona mistari myeusi zaidi ya 570, na ile mikubwa akaipa herufi, kuanzia A. Sababu yake hakuijua. Mwaka 1859 ndipo Kirchhoff na Bunsen walipoeleza kwamba kila gesi hula rangi zake yenyewe. Tena mistari A na B si ya jua hata kidogo: yafanywa na oksijeni ya hewa yetu. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini, nikatoka nje kutazama mbingu.

Fraunhofer alifariki tarehe 7 Juni, 1826, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 39. Wengi hudhani moshi wa tanuri ulimdhuru pia.

Siku hizi hewa chafu ya miji hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, huzunguka kilomita 824 juu yetu. Hupokea nuru iliyogonga ardhi na kurudi juu, ikailinganisha na nuru itokayo moja kwa moja katika jua. Gesi ya naitrojeni dayoksaidi, itokayo katika injini za magari na matanuri, hula sehemu ya rangi ya buluu. Kadiri ilivyopungua ndivyo gesi ilivyo nyingi. Mistari ya Fraunhofer ni kama mawe ya maili, chombo kisipotee katika rangi.

Mama yangu hukaanga mihogo kando ya stendi ya mabasi, na jioni hurudi akikohoa. Satelaiti hupita kila siku yapata saa saba na nusu mchana, saa ambayo wateja wake ni wengi. Lakini kipande kidogo inachoweza kukitenga kina kilomita 5.5 kwa 3.5, stendi yote humezwa humo pamoja na mashamba ya jirani, na siku ya mawingu mazito haioni kitu. Chombo cha mwaka 1995 kilitenga kilomita 320 kwa 40, kwa hiyo wamekwisha kusogea karibu sana. Likizo hii nitakwenda kumsaidia mama, na saa saba na nusu nitatazama juu.