Twalipo Si Jina la Mtaa

Kila nikisema natokea Kagerankanda, lazima mtu aniulize habari za Bukoba na Idi Amin. Jamani, hapana. Kagera iko kaskazini, mpakani na Uganda. Kagerankanda ni Kasulu, kwetu Kigoma, na jirani yetu ni Burundi. Ila vita ya Kagera ilimfikia hata babu yangu, aliyeondoka kijijini akiwa mgambo. Yeye ndiye wa kwanza kunitajia Twalipo. Nilipokuja Dar es Salaam nikalikuta jina hilo kule Temeke, kwenye kambi ya jeshi na viwanja, na wenzangu wengi wakidhani ni jina la mtaa tu.

Abdallah Twalipo alikuwa Mkuu wa Majeshi wa pili wa Tanzania. Ili tumwelewe, turudi Januari 1964. Jeshi tulilorithi kwa Waingereza liliasi pale Colito, Lugalo ya leo, na Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza haohao waje kulizima. Aibu kubwa hiyo kwa nchi changa. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaundwa JWTZ chini ya Sarakikya. Mwaka 1971, baada ya Amin kupindua serikali Uganda, TANU ilitoa Mwongozo uliosema ulinzi ni kazi ya wananchi wenyewe. Mgambo wakaanza kufundishwa mpaka vijijini.

Jeshi la namna hiyo ndilo Twalipo alilokabidhiwa mwaka 1974. Mtihani wake ulikuja tarehe 30 Oktoba 1978, Amin alipovamia Kagera. Na tuseme ukweli, tulikutwa hatujajiandaa. Askari wa upande ule walikuwa wachache, macho ya nchi yalikuwa kusini kwenye vita vya ukombozi. Mwalimu alipomuuliza kama jeshi lina uwezo wa kumtoa adui, Twalipo alijibu kwamba linao. Kujibu vile ni rahisi; kazi ni kulifanya jibu liwe kweli.

Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Ndani ya miezi michache likavuka 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000. Hebu piga hesabu: chakula, viatu, risasi, na safari ya kuvuka nusu ya nchi wakati wa mvua. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa yabebe askari. Mbele kule Musuguri na makamanda wenzake walipigana, na ndio tunaowaimba. Twalipo alikuwa na kazi ya kuhakikisha wanaopigana hawakosi cha kupigania. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Ushindi ule tuliulipia sana. Uchumi uliyumba, maduka yakabaki matupu, na wazazi wetu walipanga foleni za sukari na sabuni miaka mingi. Mtu akisema gharama ilikuwa kubwa mno, simbishii. Lakini kuna jambo jingine hatulipigii hesabu. Nchi iliyokuwa imeasiwa na askari wake miaka 14 tu nyuma iliwapa bunduki watu zaidi ya laki moja, wakashinda vita, kisha maelfu kwa maelfu wakazirudisha. Kwa majirani zetu, mkuu wa jeshi mwenye ushindi wa namna ile angeitamani Ikulu. Twalipo mwaka 1980 alimwachia Musuguri jeshi, akateuliwa Waziri wa Ulinzi.

Sisemi kila kitu kilikuwa shwari. Januari 1983 njama ya mapinduzi iligunduliwa, na wanajeshi walikuwamo. Utii wa jeshi kwa raia haupatikani mara moja ukaisha. Unalindwa kila siku.

Babu alirudi Kagerankanda bila bunduki, akashika jembe lake. Medali hakuwa nayo, na wala hakulalamika. Sisi tuliopita JKT baada ya kidato cha sita tunajua kulenga shabaha na kukimbia mchakamchaka alfajiri. Aliyetujengea jeshi linalorudisha silaha ghalani, tunampita tu Temeke.