Clive Sullivan, winga aliyevuka mto na kupendwa pande zote

Hull, mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza, umekatwa na mto. Magharibi ni Hull FC, mashariki ni Hull Kingston Rovers. Watani wa jadi hasa, sema mchezo wao ni raga ya ligi, ile ya wachezaji 13. Ukihama huku kwenda kule, jiandae kuzomewa. Clive Sullivan alihama, na wakampenda kotekote.

Alizaliwa Cardiff, Wales, Aprili 1943. Utotoni misuli ilimsumbua, akapasuliwa miguu na mabega, na ilionekana hata kutembea vizuri itakuwa kazi, achilia mbali kukimbia. Alipoingia jeshini akapangwa kwenye mechi ya raga, na huko mbio zake zikaonekana.

Desemba 1961 Hull FC wakampa majaribio dhidi ya Bramley, jina lake likiwa limefichwa kwenye orodha ya wachezaji. Dogo akafunga trai tatu. Kesho yake alimwaga wino.

Haikuwa mteremko. Magoti yalifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na 1963 akapata ajali mbaya ya gari. Bado alirudi uwanjani na kuifungia Hull FC trai 250.

Mwaka 1972 akavaa kitambaa cha Uingereza nzima, yaani England, Wales na wenzao, mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa hilo katika mchezo mkubwa. Watu wa soka wapime wenyewe: England ilimchezesha mweusi wake wa kwanza timu ya wakubwa, Viv Anderson, 1978, na nahodha mweusi, Paul Ince, ikampata 1993.

Novemba mwaka huo ikaja fainali ya Kombe la Dunia mjini Lyon, Ufaransa, dhidi ya Australia. Mashabiki hawakufika hata 5,000, aibu kwa mechi ya aina ile. Waliokuwepo walifaidi. Mpira uliwaponyoka Waaustralia, Sullivan akauokota mbali kabisa na mstari wao, akachanja mbuga karibu uwanja mzima, hakuna aliyemgusa. Trai! Ngoma iliisha 10-10, muda wa nyongeza haukutoa kitu, na Uingereza wakapewa kombe kwa rekodi bora ya hatua ya awali. Sullivan alikuwa amefunga katika mechi zao zote nne.

Mwaka 1974 ndipo akavuka mto kwenda Rovers. Huko nako alifunga trai zaidi ya 100. Mwaka 1980 timu hizo mbili zikakutana Wembley, fainali ya Kombe la Challenge, na babu huyu wa miaka 37 akawamo kwenye kikosi cha Rovers kilichoshinda 10-5 dhidi ya waajiri wake wa zamani. Sehemu nyingine angechomewa jezi. Hull FC wao walimrudisha nyumbani, na 1982 akawachezea marudio ya fainali ya kombe hilohilo waliyoshinda dhidi ya Widnes.

Saratani ilimchukua Oktoba 1985, akiwa na miaka 42 tu. Mji ukaipa jina lake barabara kuu inayoingia kutoka magharibi, Clive Sullivan Way. Basi la wageni likitokea upande huo, liwe linaifuata FC au Rovers, linapita hapo.