William Harvey na Hesabu ya Damu

Mwanzoni mwa karne ya 17, kila tabibu aliyesomea Ulaya aliamini kwamba anajua damu inakotoka na inakokwenda. Elimu hiyo ilitokana na Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2. Kwa mujibu wake, chakula kiligeuzwa kuwa damu katika ini, kisha damu ikasambazwa viungoni na kuishia huko, mithili ya maji yanywewayo na shamba. Sehemu yake ndogo ilidhaniwa kupenya vitundu visivyoonekana katika ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto wa moyo. Kule Kairo, Ibn al-Nafis, aliyefariki mwaka 1288, alikwisha kukanusha kuwapo kwa vitundu hivyo na kueleza kwamba damu hupitia mapafuni, ila maandishi yake hayakutambuliwa kwa mapana hadi mwaka 1924. Aliyeyapindua mafundisho ya Galen mbele ya macho ya Ulaya alikuwa Mwingereza mfupi wa kimo, mwepesi wa hasira na mwenye mwandiko mbaya kupindukia.

William Harvey alizaliwa Folkestone tarehe 1 Aprili 1578. Baada ya masomo ya Cambridge alikwenda Padua, Italia, alikohitimu udaktari mwaka 1602. Mwalimu wake huko, Fabricius, alikuwa akizichunguza vali zilizomo ndani ya vena, yaani mishipa ielekeayo moyoni. Fabricius alidhani kwamba kazi ya vali hizo ni kuipunguzia damu kasi isije ikajaa miguuni. Ufunguo alikuwa nao mkononi, kufuli hakuiona.

Aliporejea London, Harvey aliajiriwa mwaka 1609 kuwa tabibu wa hospitali ya St Bartholomew, na mwaka 1616 akaanza kutoa mihadhara ya anatomia. Kumbukumbu za mihadhara hiyo zimesalia. Zimeandikwa kwa Kilatini kilichochanganywa na Kiingereza, jambo ambalo mhadhiri wa leo anayechanganya ndimi hawezi kulistaajabia. Wakati huo alikuwa akipasua wanyama wa kila aina. Mioyo ya vyura na nyoka ilimfaa zaidi kwa kuwa hupiga polepole, hata jicho likaweza kuufuatilia mwendo wake. Aligundua kwamba moyo hufanya kazi unapojikaza, wala si unapotanuka kama ilivyoaminika. Unapojikaza, damu husukumwa katika ateri, nazo zikafura.

Hata hivyo, hoja iliyoivunja nguvu nadharia kongwe haikutoka kisuni bali katika hesabu. Harvey alikisia kwamba kila pigo la moyo hutoa nusu aunsi ya damu, takriban gramu 15. Katika nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara 1,000. Hivyo damu ipitayo moyoni kwa muda huo hufikia aunsi 500, yaani kilo 14 hivi. Ni ini gani liwezalo kutengeneza kiasi hicho, na kutokana na mlo gani? Kisio lake lilikuwa dogo mno, kwani leo inajulikana kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma karibu lita 5 kwa dakika. Lakini hata kwa udogo wake lilitosha. Damu haikuwa ikitengenezwa upya kila mara. Ilikuwa ileile, ikizunguka.

Kisha akaonyesha jaribio ambalo yeyote angeweza kulirudia. Mkono ulifungwa kwa utepe juu ya kiwiko, vena zikatokeza na vali zikaonekana kama vifundo. Damu ilipobinywa kwa kidole kuelekea moyoni ilipita. Ilipobinywa kuelekea vidoleni iligoma.

Kitabu chake, chenye kurasa 72 za Kilatini, kilichapishwa Frankfurt mwaka 1628. Wengi walikibeza, na John Aubrey, aliyemfahamu, alisimulia kwamba wagonjwa walipungua kwa kumwona tabibu huyo kama aliyerukwa na akili. Jean Riolan wa Paris alimpinga hadharani, naye Harvey akasubiri hadi mwaka 1649 kumjibu kwa maandishi.

Mfalme Charles wa Kwanza, aliyekuwa mgonjwa na mlezi wake, hakumtupa. Yeye ndiye aliyemtuma Harvey kumchunguza kijana Hugh Montgomery, ambaye ajali ya utotoni ilimwachia tundu kifuani. Kupitia tundu hilo Harvey na mfalme waliugusa moyo uliokuwa ukipiga. Kijana hakuhisi chochote. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye hupenda, hujuta na huapa kwa moyo, tukio hili lina uzito wa pekee: moyo wenyewe haukujua kwamba umeguswa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1642, askari wa Bunge walipora makazi yake, na maandishi yake ya miaka mingi kuhusu uzazi wa wadudu yakapotea. Hasara hiyo ilimuuma kuliko nyingine zote.

Harvey alifariki tarehe 3 Juni 1657. Palikuwa na pengo moja ambalo hakulijaza: hakuwahi kuiona njia ipitishayo damu kutoka ateri hadi vena, ingawa hesabu yake ilidai kwamba lazima iwepo. Mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Bologna alilitazama pafu la chura kwa hadubini, akaziona kapilari.