Sayyid Barghash na Pesa ya Mizani

Neno pesa halitutoki midomoni tangu alfajiri hadi isha. Neno lenyewe limetujia kutoka Bara Hindi, lakini katika masultani wa Kibusaidi wa Unguja, wa kwanza kutoa pesa yenye jina lake mwenyewe alikuwa Sayyid Barghash bin Said. Sisi watu wa pwani twamjua kwa mambo makubwa: Beit al-Ajaib, maji ya mfereji na majumba ya Maruhubi na Chukwani. Leo nataka tumtazame kwa kitu kidogo kuliko vyote alivyoviacha, na huenda wewe msomaji unacho katika kasha la marehemu bibi yako wala hujui.

Nilikuwa Embu kwa shughuli ya arusi, nikakaribishwa katika nyumba moja ya Majengo. Wenyeji wangu ni Waislamu wa siku nyingi. Babu yao alitoka pwani akiwa mpagazi, akaoa huko chini ya Mlima Kenya na pwani hakurudi tena. Baba yao naye alikuwa amefariki, na katika kasha lake ikaonekana sarafu moja ya shaba, nyeusi kwa ukuukuu. Mchuuzi mmoja mpita njia alikwisha itajia bei ndogo. Kijana wa nyumba, aliyezitambua tarakimu za Kiarabu, akasoma 1299, akapiga hesabu kuwa sarafu ina umri wa zaidi ya miaka mia saba. Basi usingizi ukawapaa ndugu wale. Huyu ataka iuzwe, huyu ataka iwekwe, na wa tatu amshuku mwenziwe kuwa amekula njama na mchuuzi. Nikaombwa niisome.

Mwaka ule ulikuwa wa Hijra. Mwaka 1299 wa Hijra ulianza Novemba 1881 ukaisha Novemba 1882. Upande mmoja palikuwa na jina la Sultan Barghash bin Said, na upande wa pili mizani. Nikaona thamani yake haielezeki mpaka kwanza aelezwe mwenye jina.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837, mwana wa Sayyid Said bin Sultan kwa mama wa Kihabeshi. Mwaka 1856 alikuwa pamoja na baba yake merikebuni Mzee alipofariki baharini katika safari ya kutoka Maskati kuja Unguja. Papo hapo matata ya mirathi yakaanza. Thuwaini alishika Oman, Majid akashika Unguja, na Barghash, kijana mwenye moyo mkali, akaona naye ana haki. Mwaka 1859 alikusanya watu ampindue nduguye Majid. Dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake. Salme, msichana mdogo aliyejua kuandika, ndiye aliyewaandikia barua zao. Nyumba ya Barghash ilipozungukwa na askari, alitolewa amejitanda mavazi ya kike, kama Salme mwenyewe alivyosimulia baadaye katika kitabu chake. Wakajizatiti katika shamba la Marseilles, lakini Majid alisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni.

Mwaka 1861 mkubwa wa Waingereza huko Bara Hindi, Lord Canning, akakata shauri baina ya Majid na Thuwaini: Unguja na Oman ziwe dola mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Riale hizo zilikuwa za fedha, zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Ndugu walishindwa kugawana urithi wa baba yao, na mgeni ndiye aliyewagawia. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash akatawala. Hakupewa nafasi ya kupumua. Aprili 1872 dhoruba kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo vyake. Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alikataa mpaka alipotishwa kuwa bandari yake itafungwa kwa manuwari, ndipo tarehe 5 Juni 1873 akatia mkono, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tusimpambe kwa sifa isiyo yake: utajiri wa utawala ule ulisimama juu ya migongo ya watu walionunuliwa, na Sultan hakuiacha biashara ile kwa hiari.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kujenga. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza akapokewa na Malkia Victoria. Aliwaletea watu wa mji maji safi ya chemchem, akanunua merikebu za moshi, akaleta mtambo wa chapa uliochapisha vitabu vya fikihi ya Kiibadhi, na mwaka 1883 akainua Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Katika miaka hiyo ndipo alipotoa sarafu zake: pesa za shaba kwa watu wa sokoni, riale za fedha, na chache za dhahabu.

Hapo ndipo lilipo jawabu la wale ndugu wa Embu. Thamani ya sarafu kuukuu haiendi kwa umri peke yake. Huulizwa ni madini gani, zimebaki ngapi duniani, na hali yake ikoje. Riale ya fedha ya Barghash ni adimu, na ya dhahabu ni adimu zaidi. Pesa ya shaba zilitolewa kwa wingi mno, hata leo bei yake haijengi ukuta wa choo. Riale ya Maria Theresa nayo huwadanganya wengi, maana iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baada ya kufa kwake na kila moja imeandikwa 1780. Nikawaambia pia wasiisugue kwa ndimu wala majivu, kwani wanunuzi huikataa sarafu iliyosuguliwa. Kuhusu mirathi, pesa moja haikatwi vipande: iuzwe wagawane thamani yake, au mmoja aitwae wengine wakiridhia. Waliposikia kimo cha bei, mchuuzi akasahauliwa. Wakaridhiana akae nayo dada yao mkubwa, na wakaandika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilipofika Meru, bibi mmoja alinionyesha pesa nyingine yenye mizani, imetobolewa tundu ikavaliwa mkufuni. Hii ilikuwa na jina la Mombasa na mwaka 1306. Mwenyewe hakuona tofauti, lakini tofauti ni kubwa, nayo ndiyo mwisho wa habari ya Barghash.

Mwisho wa 1884 Karl Peters aliingia bara akakusanya mikataba na machifu. Barghash akalalamika, na Agosti 1885 manuwari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake. Pamoja nazo alikuja dada yake Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani, akidai urithi wake. Sultan akakataa kumwona. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakampimia milki yake, wakamwachia visiwa, mwambao wa maili kumi na miji michache ya Banadir. Mei 1887 akaikabidhi kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon uendeshaji wa sehemu ya mwambao, Mombasa ikiwamo. Machi 1888 alirejea Unguja kutoka Oman alikokwenda kutafuta afya, na mwezi huo huo akafariki.

Pesa ya Mombasa ni ya kampuni hiyo. Mizani ilibaki, jina la Barghash likaondoka. Mwambao wenyewe ulibaki wa Sultan kwa jina mpaka 1963. Embu Waingereza walifika kwa nguvu mwaka 1906, na watu wa milimani wakatakiwa kulipa kodi kwa rupia, iliyotumika mpaka 1920.

Basi msomaji, ukikuta sarafu kuukuu nyumbani kwenu, soma kwanza jina na mwaka, ujue ni wa Hijra au wa Miladi. Kisha waite ndugu zako wote mkae kitako, kabla mpita njia hajawapangia bei.