Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, Msindikizaji wa Walimu



Katika jubilei yetu tunawakumbuka waliotufundisha, tangu wakati ambapo wengi wetu hatukujua hata kusoma nota. Mwalimu huwashika wengine mkono. Lakini yeye mwenyewe, akichoka, nani anamshika mkono? Swali hilo lilijaza maisha yote ya mtakatifu ambaye Kanisa limemfanya msimamizi wa walimu.

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa tarehe 30 Aprili 1651 mjini Reims, Ufaransa, kifungua mimba katika familia tajiri. Akiwa na miaka 15 tu alipewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Reims, cheo chenye heshima na mapato mazuri. Alianza masomo ya upadre huko Paris, lakini mama yake akafariki mwaka 1671 na baba yake mwaka 1672. Ikambidi arudi nyumbani kuwalea wadogo zake. Alipata daraja ya upadre mwaka 1678.

Mwaka uliofuata alikutana na Adrien Nyel, mlei kutoka Rouen aliyekuja Reims kufungua shule za bure kwa wavulana maskini. De La Salle alikubali kumsaidia kidogo, akidhani kazi yake itaishia hapo. Nyel alikuwa hodari wa kuanzisha shule, lakini hakupata nafasi ya kukaa na walimu wake. Walimu hao walikuwa na elimu kidogo na mapato kidogo, na wengi walikata tamaa wakaondoka. De La Salle aliona kwamba shule haiwezi kuwa bora kuliko mwalimu wake. Akaanza kuwakaribisha mezani pake, na mwaka 1681 akawapa makao nyumbani kwake.

Jambo hilo halikuwa rahisi. Mwanzoni yeye mwenyewe aliwaona walimu hao kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani. Jamaa zake walikasirika kuona watu wa namna hiyo wakila meza moja na watoto wa ukoo wao. Mwaka 1682 akahama nyumba ya familia, akaenda kuishi na walimu katika nyumba ya kupanga.

Huko alikutana na mtihani mkubwa zaidi. Walimu walipohangaika juu ya kesho yao, aliwahimiza wamtumainie Mungu. Nao wakamjibu bila kumficha: ni rahisi kwake kusema hivyo, kwa kuwa ana mali na cheo; shule zikifungwa, yeye atabaki na vyake na wao watabaki ombaomba. Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Akaomba ushauri kwa Padre Nicolas Barré, aliyemwelekeza aache vyote. Mwaka 1683 aliacha ukanoni. Njaa kali ilipoikumba nchi katika majira ya baridi ya 1684 na 1685, aliugawa urithi wake kwa maskini. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anawasindikiza wenzake katika njia asiyoitembea mwenyewe.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo. Waliamua kubaki mabruda, si mapadre, ili maisha yao yote yawe ya shule. Waliwafundisha watoto kusoma kwanza kwa Kifaransa, lugha yao, badala ya Kilatini. Darasani kengele ililia kila baada ya muda, na kazi ikasimama kidogo ili wote wakumbuke kwamba Mungu yupo kati yao. De La Salle aliwaandalia wanafunzi hata kitabu cha nyimbo za dini, ziimbwe kwa tuni ambazo watu walizijua tayari.

Kwa walimu, kazi yake kubwa ilikuwa kuwasindikiza kiroho. Aliwatembelea na kuwasikiliza. Waliokuwa mbali walimwandikia habari za sala zao, hasira zao darasani na uchovu wao, naye akawajibu kila mmoja kadiri ya hali yake. Mwaka 1702 alimtuma Bruda Gabriel Drolin kwenda Roma. Hawakuonana tena, ila barua zilivuka milima, na Drolin akadumu katika wito wake kwa miaka mingi.

Lakini msindikizaji naye huchoka. De La Salle alishtakiwa mahakamani, akapingwa na viongozi wa Kanisa, na baadhi ya waliokuwa karibu naye wakamwacha. Mwaka 1712 aliondoka Paris akaelekea kusini mwa nchi. Huko nako nyumba ya malezi aliyoianzisha Marseille ilianguka. Akaanza kuamini kwamba yeye ndiye kikwazo cha kazi hiyo. Alijitenga, akasali, na huko Parménie alitafuta ushauri kwa Sista Louise, mwanamke wa sala aliyewahi kuwa mchunga kondoo. Naye alimsihi asiiache kazi yake.

Kisha ikaja barua. Tarehe 1 Aprili 1714 Mabruda wakuu wa Paris na nyumba za jirani walimwandikia kwa upendo na kwa uthabiti. Walimkumbusha kwamba yeye pia aliahidi kulitii shirika, wakamwagiza arudi. Angeweza kukataa, maana ndiye aliyekuwa mwanzilishi. Alitii. Mwezi Agosti mwaka huo alifika Paris, akajiweka mikononi mwao. Wale aliowasindikiza kwa zaidi ya miaka 30, sasa walimsindikiza yeye.

Mwaka 1717 Mabruda walimchagua Bruda Barthélemy kuwa mkuu wao, na De La Salle akaishi chini yake kama mdogo wa wote. Alifariki Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719, huko Rouen. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa walimu.

Wapendwa, mwalimu wa kwaya anapokosa mazoezi wiki mbili, tusingoje arudi mwenyewe. Mwenzetu sauti ya pili akinyamaza, tumfuate. Barua moja ya upendo ilimrudisha mtakatifu kazini. Huenda simu yako moja ikamrudisha mwenzako kwaya.

Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, utuombee.